Biskuti za Emilio

Mwaka wa sabini na sita walizuka Juba watu wanaolipa ili walale porini. Niliposikia habari hiyo nilicheka mpaka mandazi yakaungua kwenye karai. Sisi tulilala porini miaka mingi bila kulipa na bila kupenda, tukikimbia askari, na amani ilipokuja kitu cha kwanza tulichotaka ni mlango wenye komeo. Sasa wakubwa wa ofisi na wageni wa mashirika wanatoka kwenye nyumba zenye feni, wanafunga hema juu ya gari, wanakwenda kuumwa na mbu kando ya ziwa lisilo na barabara wala bomba wala duka la chumvi. Wanarudi wamebabuka pua, wanasema wamepumzika. Kila mtu na wazimu wake.

Aliyewaongoza alikuwa Emilio, na hilo lilinifanya niache kucheka nianze kujisifu. Emilio alikuwa ndugu yangu. Hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na mama yangu, Kiden, akamchukua akamnyonyesha pamoja na mimi, titi langu na titi lake. Waswahili wana msemo wao kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi nilikuwa nabishana na msemo huo kila nikimtazama Emilio. Nilikuwa nasema, huyu hapa, mla nami, na angekufa nami.

Maana ni yeye aliyemzika mama.

Nieleze jambo hilo, kwa sababu bila hilo hakuna hadithi. Wakati wa vita tulijificha kundi moja katika nyasi za upande wa mashariki wa mto, chini ya Mongalla, ambako mto ukijaa unaacha maziwa madogo huku na huku. Mama akaumwa mguu, ukavimba, hawezi kutembea. Mimi nilikuwa na watoto wawili wadogo. Mama akanifukuza. Alisema nitangulie Uganda na watoto, Emilio atamleta mguu ukipoa. Aliponishika mkono aliniambia neno moja tu, "Keji, usiniache porini." Nikamwahidi, na Emilio akaahidi mbele yangu.

Emilio alifika Arua peke yake. Alikaa chini akalia kabla hajasema. Mama alikufa kando ya ziwa moja, akamzika kwa desturi ya kundi letu. Sisi wakimbizi hatukuweka msalaba wala rundo la mawe, kwa sababu askari wakiona udongo mpya walikuwa wanafukua, wakidhani tumeficha bunduki. Basi tulimzika mtu, tukapanga mafiga matatu juu yake, tukawasha moto, na majivu yakaficha udongo. Askari akipita anaona jiko la watu waliokwisha kuondoka, na majiko ya namna hiyo yalijaa porini kote. Ili sisi tujue, figa moja tuliliweka kifudifudi, nalo lilikuwa jiwe la kusagia la nyumba ya marehemu, kama lipo. Na anayejua hapiki tena hapo, wala hali kilichopikwa hapo. Kula chakula cha mafiga yale ni kumla aliyelala chini. Ndivyo tulivyoambiana, na sijaona aliyethubutu.

"Niliweka jiwe lake," Emilio aliniambia pale Arua. "Ile nusu yake."

Nililijua jiwe lile kuliko uso wangu. Mama alikataa kuliacha tulipokimbia, akalipasua akabeba nusu kichwani. Alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo shimo la kusagia lilikuwa limeinama kushoto, na sisi mabinti zake tulipata taabu kusaga juu yake.

Amani ikaja, tukarudi, nikapata kiwanja Juba Na Bari na kibanda cha chakula ng'ambo ya daraja, kule Sherikat, kwenye madereva na wachuuzi. Jambo la pili lilichelewa mpaka nipate fedha ya mbuzi, Emilio akiwa ameshaanza kazi ya mahema: nilimwomba akanionyeshe kaburi la mama. Nilitaka kumleta nyumbani, nimzike uani, nichinje mbuzi, watu wale, tumalize karama yake, sadaka ya maziko, kama binadamu. Emilio alikwenda kwanza peke yake kutafuta njia. Alirudi kichwa chini.

"Maji imechukua, dada," alisema. "Ile mahali yote iko ziwa sasa. Mimi nilitafuta mpaka nilichoka. Kalas, basi."

Nililia siku hiyo kama aliyefiwa upya. Halafu nikamshukuru kwa kutafuta. Nikampikia. Nikamshonea hata shati. Tangu siku hiyo sikuweza kula samaki wa maziwa yale. Watu wakiniletea ngege wazuri kibandani niliwapikia wateja, mimi nikala maharage. Nilifikiri mama yuko ndani ya maji na samaki wanajua alipo.

Sasa turudi kwenye wazimu wa wenye mahema. Kambi ile ilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Igga, mwenye Land Rover, na Emilio ndiye aliyejua pori. Dereva alikuwa Ezbon, kijana aliyekulia Kenya, mwenye maneno mengi. Mpishi wao alikuwa Laku. Asubuhi moja Ezbon alisimamisha gari mbele ya kibanda changu, akatoa kichwa dirishani.

"Mama Keji, Laku amelala na malaria, na leo tuko na mgeni mkubwa. Twende ukapike. Siku mbili tu. Igga amesema."

"Niende nikalale kwenye nyasi tena? Mimi nilishalala kwenye nyasi ya kutosha."

"Safari hii utalala kwa hema, mama. Na kitanda ya kukunja. Kama malkia."

Nilicheka, nikafunga kibanda, nikachukua mwiko wangu. Nilitaka pia kumwona ndugu yangu kazini. Alikuwa ameahidiwa cheo: mgeni yule alitoka Nairobi, mtaalamu wa mbuga, na akisema mahali panafaa, serikali ingepafanya hifadhi, Igga angejenga nyumba za wageni, na Emilio angekuwa msimamizi mwenye kofia na mshahara. Kitongoji kizima kilijua.

Emilio aliponiona ndani ya gari alisimama kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Laku iko wapi?"

"Malaria," Ezbon alisema.

"Wewe hapana kwenda, dada. Kule mbu mingi. Chui iko. Mgongo yako mbaya."

"Mgongo wangu ulikuwa mzima jana," nikamwambia. "Unaona haya wageni wakijua dada yako ni mama wa mandazi?"

Alitaka kusema tena, lakini mgeni wa Nairobi alikuwa amekwisha panda, ananisalimu kwa Kiswahili cha redio, shikamoo na kila kitu. Emilio akapanda nyuma. Njia nzima alitazama vumbi letu. Mimi nikajiambia, masikini, anaogopa nitachoka. Nilimpenda kwa hilo pia.

Tulifika alasiri. Nisiseme uongo, mahali palikuwa pazuri. Barabara ilikufa mapema, tukaenda kwa kufuata nyayo za tembo na kumbukumbu ya Emilio, halafu nyasi zikafunguka na ziwa likawa mbele yetu, limetulia, viboko wakipumua katikati, ndege weupe wamejaa kwenye matete. Kando yake palikuwa na kimwinuko kikavu chenye kivuli cha mkwaju. Maji, kivuli, upepo wa kufukuza mbu, na mtu akija unamwona kabla hajakuona. Mkimbizi yeyote angepachagua hapo. Niliwaza hivyo kabisa, kwa maneno hayo, na bado sikujua.

Maziwa ya namna hiyo ni mengi, na mimi niliambiwa langu limeshakuwa maji matupu.

Ezbon na Emilio wakasimamisha mahema. Mgeni alizunguka akipima kwa hatua zake, akinyoosha mkono. Hapa nyumba, pale choo, na hapa, alisema akionyesha mahali pa jiko, hapa tutamwaga saruji tujenge jiko kubwa la kudumu, maana ndipo palipoinuka. Emilio aliitikia, "Ndiyo, bwana," huku anatazama ziwa.

Jiko lenyewe lilikuwa tayari, mafiga matatu meusi kwa masizi na majivu mengi ya safari zilizopita. Nikawasha kuni, nikateleka. Sufuria likayumba. Figa moja lilikuwa na mgongo wa mviringo, halikutaka kubeba kitu. Nikaliegemeza kwa kijiwe nikaendelea, kwa kuwa watu walikuwa na njaa. Ezbon alikuwa amevua ngege. Niliwakaanga, nikapika mchuzi wa karanga, nikasonga asida, ugali wa mtama, na siku hiyo, sijui kwa nini, labda kwa njaa ya safari na harufu ya karanga, nikasema hata mimi nitakula samaki. Miaka yote ile nimewakataa. Nilikula wawili.

Mgeni alikula mpaka akalegeza mkanda. Ezbon alilamba vidole. Emilio alikaa pembeni kwenye kiti cha kukunja, ana bati la biskuti magotini, anachovya biskuti kwenye maji ya chupa yake.

"Wewe Emilio," nilimwita, "umekuwa mzungu lini? Njoo ule chakula cha dada yako."

"Tumbo, dada. Tumbo hapana nzuri."

"Mwache, mama," Ezbon akasema mdomo umejaa. "Huyu hapa kambini ni biskuti tu. Kila safari. Laku apike nini, yeye hali. Hata chai anakunywa ya chupa kutoka nyumbani. Sisi tunamwita Bwana Biskuti."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi. Hata nilimtupia kichwa cha samaki kwa utani kikaanguka karibu na mguu wake, naye akausogeza mguu haraka, kama kilikuwa nyoka. Nilikuwa nikimcheka ndugu yangu, nimeshiba, nimekaa pale pale.

Asubuhi niliamka kabla yao. Kiporo cha asida na samaki kilikuwa ndani ya sufuria, nimekifunika. Nikaliweka kando nizoe majivu, niwashe moto wa uji. Nikasema nianze na lile figa jeuri, nilipindue lilalie upande wenye ubapa. Lilikuwa limekaa sana. Nikalichokonoa kwa mwiko, nikalishika kwa mikono miwili, likatoka.

Upande wa chini ulikuwa msafi, haujaguswa na moto. Ulikuwa na shimo laini la kusagia. Shimo lilikuwa limeinama kushoto.

Sikupiga kelele. Watu wanafikiri mtu hupiga kelele. Mimi niliingiza kiganja kwenye lile shimo na kikakaa, pale pale kilipokuwa kinakaa nikiwa msichana, nikimlalamikia mama kwamba jiwe lake linanipa kazi upande mmoja. Kisha samaki wa jana walinipanda kooni. Nilikwenda kwenye matete nikatapika, nikatapika mpaka nikawa natapika hewa. Nilimpikia mama yangu moto kifuani. Nilikula juu yake. Nilicheka.

Niliporudi Emilio alikuwa amesimama karibu na jiko. Aliliona jiwe limepinduliwa. 

"Ulisema maji," nikamwambia.

"Sema polepole, dada. Bwana amelala."

"Ulisema maji, Emilio!"

Alinishika kiwiko akanivuta nyuma ya gari. Alinishika kama mtoto anayeogopa giza, na nusu yangu, Mungu anisamehe, ilimhurumia.

"Sikiliza," alisema. "Safari ya kwanza mimi naleta wao hapa kwa sababu iko mahali nzuri, mimi nafikiri watakaa chini kule. Mimi naenda kutafuta kuni. Narudi, wanakuta mafiga tayari, wamewasha. Wanapika. Mimi nitasema nini? Ondoka, hapa iko mtu? Kesho nani atakuja kulala hapa?"

"Hiyo ni safari ya kwanza. Na ya pili?"

Akageukia gari, akakaza kamba ya hema.

"Na nilipokuambia twende ukanionyeshe mama? Nilipolia mbele yako? Nilipokushonea shati?"

"Wewe ungechukua yeye, watu wangejua hapa iko kaburi. Kambi kalas. Kazi kalas. Mimi iko na watoto watano, Keji. Yeye amekufa. Yeye hapana sikia moto."

"Kama hasikii, wewe mbona unakula biskuti?"

Alitazama chini, na mimi nikaona kila kitu kwa pamoja. Yeye alijua. Kila safari alijua, akakaa pembeni na bati lake akilinda mdomo wake, akawaacha wengine wote wale. Hilo la wageni ningeweza kulimeza, wageni hawakujua kitu na hawana hatia. Lakini jana jioni aliniona mimi. Aliniona nikiteleka, akaniona nikinyoosha mkono kwenye samaki, mimi binti wa tumbo, na alikuwa karibu kiasi cha kuupiga kofi mkono ule samaki aanguke. Alijikinga yeye, akaniacha mimi nile mama.

"Twende kwa mgeni," nikasema. "Umwambie. Ukimwambia mwenyewe, nitakusamehe hata yale mengine. Nitamchukua mama yangu, mtajenga jiko lenu hatua kumi upande wa pili, hakuna atakayekufa."

"Atasema watu ya hapa watakuja kudai na wengine. Ataandika hapana."

"Twende."

Mgeni alikuwa ameketi mbele ya hema lake akivaa viatu. Alikuwa mtu mwema, ninasema hilo mpaka leo. Aliona uso wangu akasimama, akauliza kuna nini. Mimi nikamtazama Emilio. Nilimpa nafasi. Nilihesabu pumzi zangu nikimngojea aseme.

Emilio akacheka kidogo.

"Bwana, malesh, samahani," alisema. "Dada yangu huyu vita iliharibu kichwa yake kidogo. Anaona mafiga ya zamani, anasema iko kaburi ya mama yake. Mama yake alikufa, kweli, lakini mbali, maji ilichukua. Mafiga kama haya iko kila mahali. Mimi nitampa dawa, atalala."

Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakunyonya titi la mama yako. Nilisimama pale, mikono imejaa majivu, nikaona namna ninavyoonekana: mama wa mandazi, amelia, anaongea habari za mawe. Na yeye ana shati lililopigwa pasi. Shati langu.

"Pole sana, mama," mgeni aliniambia kwa upole, na upole ule ulinichoma zaidi. "Vita viliwaumiza wengi. Lakini una hakika gani?"

Ezbon alikuwa amesimama na jerikeni, anasikiliza. Yeye hakuwa wa kundi letu, lakini si mjinga. Akasema polepole, "Kumbe biskuti ni kwa sababu ya hiyo?"

Nikajua la kufanya. Nilimweleza mgeni desturi yetu yote, mafiga, jiwe la kifudifudi, na kwamba anayejua hali. "Bwana, huyu anasema hapa hapana mtu. Sawa. Ndani ya sufuria mna kiporo cha jana. Muulize dereva kama amewahi kumwona akila chakula cha jiko hili. Mwache ale mbele yako. Akila, mimi ni mwendawazimu, nitapanda gari nikae kimya."

Mgeni alitazama huku na huku, kama mtu aliyeingia kwenye ugomvi wa nyumba isiyo yake. "Basi, ndugu," alimwambia Emilio, akijaribu kutabasamu, "kula tu, tumtulize mama."

Nikapakua. Nilipakua vizuri, kwa adabu, bonge la asida, samaki mzima, mchuzi wa karanga juu. Nikampelekea kwa mikono miwili kama tulivyolelewa, nikapiga goti kidogo. Nilikuwa na hakika. Nilimjua tangu titini. Nilijua hofu ile ndiyo kitu cha mwisho kilichobaki kwake cha kundi letu, cha mama, cha usiku wote wa kukimbia. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo lakini mdomo huo huo haungepitisha tonge lile. Nilikuwa namtegemea. Baada ya yote yale, bado nilikuwa namtegemea.

Emilio alitazama sahani. Alimtazama mgeni. Alitazama lile ziwa ambalo lingekuwa lake, na kofia, na mshahara. Akamega tonge, akalichovya, akala.

Alikula lote. Alimega na kumeza, hakutafuna sana, jasho likimtiririka kwenye mashavu asubuhi ile ya baridi. Alimchambua samaki mpaka mwiba. Akafuta mchuzi kwa kidole, akalamba kidole. Kisha akaweka sahani chini.

"Umeona, bwana," alisema. "Hakuna kitu."

Mgeni akashusha pumzi. Ezbon akageuza uso. Na mimi nikasimama pale nikijua kwamba ni mimi niliyempakulia.

Sikulia. Hasira ilikuja badala yake, nayo ilikuja na akili. Nilikwenda kwenye Land Rover, nikafungua koleo lililofungwa ubavuni kwa ajili ya matope.

"Mama, umeahidi kukaa kimya," mgeni alisema.

"Niko kimya, bwana. Lakini kama hapa hapana mtu, basi hapana wa kunikataza kuchimba."

Emilio alinyanyuka. "Keji," aliniita, kwa sauti ya utotoni. Sikugeuka. Nikapiga koleo katikati ya mafiga. Majivu, majivu, halafu udongo uliochomwa mpaka mwekundu. Mgongo wangu ulikuwa mbaya kweli, hilo hakudanganya. Ezbon akaja akanipokonya koleo, akachimba yeye, mimi nikaondoa udongo kwa mikono. Hakuzikwa chini sana. Emilio alimzika peke yake, kwa haraka, na wakati ule alimzika kwa mapenzi, hilo nalo najua.

Kwanza ukaja mkeka uliooza. Halafu shanga za kiuno, za buluu, zile nilizomtungia mwenyewe.

Mgeni wa Nairobi alivua kofia. Alikaa chini kwenye nyasi kama mtoto, akaziba mdomo kwa kiganja, maana yeye pia alikuwa amekula. Emilio alikuwa amesimama na sahani yake miguuni, tupu, safi kama iliyooshwa, na hakuwa na mahali pa kutazama. Nilimvua mama mchanga taratibu, nikamfunga ndani ya kitenge changu kipya. Jiwe lake nikalipakata njia nzima hadi Juba. Emilio alisafiri nyuma, pamoja na mahema.

Hifadhi haikujengwa pale. Nasikia walitafuta ziwa jingine, na msimamizi mwingine, lakini sikufuatilia.

Nilimzika mama uani Juba Na Bari, karibu na jiko langu, na jiwe lake nikaliweka chali, shimo likitazama juu ili mvua inywewe na ndege. Nikachinja mbuzi. Padre akaja, watu wa Sherikat wakaja, waliokuwa nasi Arua wakaja, na mabibi wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Kwenye karama hakuna anayefukuzwa. Hata adui yako akija lazima aondoke ameshiba, na mama alikuwa mkali sana juu ya hilo.

Emilio alikuja mchana. Hakuingia. Alisimama nje ya ua wa matete, amekonda, kofia mkononi, na watu wakakwepesha macho yao. Mtu mmoja akaniambia, "Keji, ndugu yako yuko nje, hajapewa chakula."

Nikamwambia nitampelekea mwenyewe.

Nilipita katikati ya watu wote nikiwa nimebeba sinia kwa mikono miwili. Juu yake palikuwa na bati la biskuti, jipya, halijafunguliwa. Nilikuwa nimelinunua tangu jana yake, maana nilijua atakuja.

Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada," alisema, "mimi naomba ile chakula ya mama."

"Ile ya mama ulishaimaliza," nikamwambia.

Alilichukua bati, akalibana kwapani, akaondoka akifuata njia ya mtoni. Mimi nikarudi jikoni, kwa kuwa wengine walikuwa bado hawajala.